Kompyuta ya Nyumbani Inapokuambia "Huna Ruhusa"

Mwezi huu naomba tuache kando mambo ya jikoni, tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa, kikawekwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma kama redio ilivyowekwa zamani. Chombo hicho ni kompyuta.

Usifunge ukurasa ukidhani hayo ni mambo ya baba na vijana. Soma kwanza yaliyompata mama mwenzetu.

Mama huyu anatoka upande wa Nkwenda. Ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Alikuja kwangu asubuhi na mapema, mkoba wa kompyuta begani na uso umejaa mawazo. Kikundi kilikuwa kimemkopesha fedha za kununua printa, ili achapishe barua, kadi za michango na mitihani ya majaribio ya shule za jirani, kisha arudishe mkopo kidogo kidogo. Printa ilifika kwa basi kutoka Mwanza. Kompyuta ilikuwepo tayari. Ni ya mumewe, aliyeinunua ikiwa imetumika, na ambaye sasa yuko masomoni Dodoma.

Akaunganisha waya. Akaweka flashi yenye programu ya printa. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza: "Access is denied." Maana yake ni kwamba umezuiliwa, huna ruhusa. Akajaribu tena. Jibu likawa lile lile. Akaipeleka kwa fundi, naye fundi hakukawia kutoa hukumu: "Mama, hii mashine imeharibika. Tuifute yote, tuanze upya."

"Nilikaribia kumwambia afute," aliniambia. "Lakini nikakumbuka kuwa humo ndani mna daftari la kikundi la miaka mitatu, na picha za marehemu mama yangu ambazo sina kwingine."

Akina mama, mashine ile haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Hebu tuone ni kazi gani hiyo.

KWA NINI MASHINE INAKATAA

Kompyuta haizaliwi ikijua kuzungumza na kila kifaa. Printa, kamera, kifaa cha intaneti, kila kimoja kina lugha yake. Ili mashine na kifaa vielewane, huwekwa programu ndogo inayosimama katikati kama mkalimani. Mafundi huiita draiva. Bila draiva, printa ni sanduku la plastiki lenye taa.

Mara nyingi mkalimani huyu hakai ukumbini na wageni wengine. Yeye hupelekwa hadi chumba cha ndani kabisa, mahali mashine inapoendeshea shughuli zake zote. Aliyeingia chumba hicho aweza kusoma kila kitu, kubadili kila kitu na kuvunja kila kitu. Ndiyo maana mashine huuliza: anayemwingiza mgeni huyu ni nani? Je, ni mwenye nyumba?

Zamani haikuwa hivyo. Matoleo ya Windows ya mwaka 1995 na 1998 yalimwachia aliyekaa mbele ya mashine afanye atakalo. Matokeo yake yalionekana tarehe 26 Aprili 1999, siku kirusi kilichoitwa CIH, ambacho wengine walikiita Chernobyl, kilipoamka katika nchi mbalimbali. Kilifuta yaliyomo ndani ya kompyuta, na katika baadhi ya mashine kiliharibu hata ile programu ya kuwashia, zisiweze kuwaka tena. Kiliweza hayo kwa sababu kilifika chumba cha ndani bila kuulizwa. Toleo jingine la wakati ule, Windows NT, ambalo halikumruhusu kila mgeni kushika mitambo ya ndani, halikudhurika.

Tangu toleo la Vista lilipotolewa kwa watu wote mwanzoni mwa mwaka 2007, Windows imekuwa na dirisha linalojitokeza na kuuliza kabla ya jambo kubwa kufanyika. Na mlango umezidi kukazwa. Mwaka 2021 liligunduliwa tundu la hatari katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapaji. Kwa sababu hiyo, tangu 10 Agosti mwaka ule, mtu asiye msimamizi wa mashine haruhusiwi, kwa utaratibu wa kawaida, kuweka draiva ya printa anayoshirikiana na wengine kupitia mtandao. Kwa hiyo ukikataliwa leo kufanya kilichowezekana jana, usidhani umerogwa.

MSIMAMIZI NA MTUMIAJI WA KAWAIDA

Ndani ya kompyuta kuna akaunti za aina mbili. Ya kwanza ni ya msimamizi, aliye na ufunguo wa kila chumba. Ya pili ni ya mtumiaji wa kawaida: huyu anaandika, anasoma, anaangalia picha na kuchapisha, lakini hawezi kuingiza kitu kinachobadili mashine nzima.

Ukitaka kujua wewe ni nani, fungua mahali pa mipangilio, palipoandikwa "Settings", kisha "Accounts", halafu "Your info". Ukiona neno "Administrator" chini ya jina lako, wewe ni msimamizi. Usipoliona, wewe ni mtumiaji wa kawaida.

Mama wa Nkwenda alikuwa mtumiaji wa kawaida. Mumewe alimfungulia akaunti hiyo siku aliyoinunua mashine, naye akabaki na ufunguo. Hakufanya vibaya, ndivyo inavyoshauriwa. Kosa lilikuwa moja tu: aliondoka na ufunguo, kama mtu anayesafiri na ufunguo wa ghala wakati wa mavuno.

Nikamwuliza, "Mbona hukumpigia simu baba watoto?"

Akainamisha kichwa. "Niliogopa. Nikimwomba neno la siri atadhani nataka kusoma barua zake."

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamwambia kile ninachotaka kukuambia na wewe. Dirisha lile linapouliza neno la siri la msimamizi, ukiliandika, linatoa ruhusa kwa jambo hilo moja tu, basi. Halikupeleki katika barua za mtu. Ni kweli, mwenye ufunguo akitaka anaweza kuingia kwingine. Lakini hiyo si habari ya kompyuta tena, ni habari ya kuaminiana, na mambo ya kuaminiana husemwa wazi kwa mdomo.

Akapiga simu mbele yangu. Mume alipokea, akasikiliza mambo ya printa, flashi na fundi aliyetaka kufuta. Kisha akasema, "Kumbe sikukuachia? Nisamehe, mama. Andika." Wiki mbili za kukosa usingizi zilikwisha kwa dakika tatu.

FUATA HATUA HIZI

Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya siku ile, pamoja na mengine ambayo yaweza kukufaa wewe.

1. Weka akiba kwanza. Kabla ya kugusa chochote, nakili picha, daftari za kikundi na barua muhimu kwenye flashi nyingine. Mtumiaji wa kawaida ana uwezo wa kunakili vitu vyake mwenyewe bila ruhusa ya mtu. Ukishakuwa na akiba, hata fundi mwenye haraka hawezi kukutisha.

2. Hakikisha umeme. Huku kwetu umeme hukatika bila kuaga, na wengi tunatumia sola. Chaji kompyuta ijae kabla ya kuanza. Draiva iliyokatizwa katikati huacha vipande nyuma, na vipande hivyo huzaa makosa mengine. Kama ilikukatikia, ondoa kwanza ile ya nusu, zima mashine, iwashe, kisha anza upya.

3. Jaribu njia rahisi. Kama una bando, unganisha intaneti, chomeka printa, ngoja dakika chache. Mara nyingi Windows hutafuta yenyewe draiva iliyokwisha kukaguliwa, na hapo huenda usiulizwe neno la siri. Unaweza pia kutazama ndani ya "Windows Update", sehemu ya nyongeza za hiari, "Optional updates". Lakini soma karatasi ya printa kwanza, kwa maana nyingine huagiza usichomeke waya mpaka uambiwe.

4. Kama itabidi upakue mwenyewe, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, si kwingine. Andika aina na namba ya printa kama ilivyo mbele yake. Tofauti ya herufi moja ni printa nyingine. Mara nyingi kuna furushi kubwa lenye mapambo mengi na jingine dogo lenye draiva peke yake. Chukua dogo, uokoe bando lako.

5. Hamisha faili kutoka kwenye flashi, uliweke ndani ya kompyuta. Kama limekuja likiwa limefungwa kwa mtindo wa zip, lifungue kwanza: bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Extract All". Hapa ndipo tulipokwama mara ya pili. Neno la siri lilikubaliwa, lakini programu ikagoma, kwa kuwa tulikuwa tunaiita ikiwa bado ndani ya furushi lililofungwa. Maharage hayapikwi yakiwa kwenye gunia.

6. Bofya faili la kuanzishia kwa kitufe cha kulia, uchague "Run as administrator", yaani endesha kwa mamlaka ya msimamizi. Hata wewe uliye msimamizi fanya hivyo. Mashine haikupi mamlaka yote kila wakati, hukupa uyaombapo. Ikiuliza, soma jina la kampuni linaloonekana katika dirisha. Likiwa ndilo la mtengenezaji wa printa, kubali. Likisema mwenye programu hajulikani, simama na ujiulize faili limetoka wapi.

7. Faili ulilopakua kutoka intaneti laweza kuwa limetiwa alama ya kuzuiwa. Bofya kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", utazame chini kama kuna kisanduku cha "Unblock". Kitie alama tu kama una hakika faili limetoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

8. Zima mashine na kuiwasha tena kabla ya kukata tamaa. Wakati mwingine draiva ya zamani inakuwa bado imeshikilia mlango.

MAMBO YA KUEPUKA

Kuna njia za mkato ambazo utashauriwa mitaani, na zote zina gharama.

Usikubali fundi azime dirisha la kuuliza ruhusa "ili lisikusumbue". Kuzima hilo ni kung'oa mlango kwa sababu unalia unapofunguliwa.

Usikubali pia azime ukaguzi wa sahihi za draiva. Draiva za kweli huwa na sahihi ya kampuni, nayo mashine huikagua kama karani anavyokagua muhuri. Kwa Windows 10 na 11, draiva mpya za chumba cha ndani hutakiwa kupitia Microsoft ili zitiwe sahihi. Ukiambiwa sahihi haipo, dawa ni kutafuta draiva iliyo sahihi.

Usimpe akaunti ya msimamizi mtoto anayecheza michezo. Si kwamba ni mtundu. Ni kwamba hubonyeza "ndiyo" kila anapoulizwa, ili mchezo uendelee.

Kama kompyuta ni ya shule, ya zahanati au ya ofisi anayofanyia kazi baba, ruhusa si ya nyumbani kwenu. Mwone anayehusika kazini. Kulazimisha mlango wa mwajiri kunaweza kumletea baba matatizo kwa ajili ya printa.

Na kama mlinunua mashine iliyotumika, na msimamizi wake ni mtu msiyemjua? Mtafuteni muuzaji awape neno la siri au aje afungue mwenyewe. Asipopatikana, hapo ndipo kufuta na kuanza upya kunakuwa na maana, lakini baada ya kunakili kila kitu chenu. Ndiyo sababu nasema, siku ya kununua msitoe fedha mpaka muuzaji ameingia mbele yenu, akawafungulia akaunti yenu ya msimamizi na kuondoa ya kwake. Tazameni vile vile toleo la Windows lililomo. Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kununua printa, soma kwenye boksi kama inakubali toleo mlilo nalo.

UFUNGUO WA NYUMBA

Nikupe sasa ushauri niliompa mama yule, ambao nyumbani kwangu tunaufuata.

Fungueni akaunti tatu. Ya kwanza ipeni jina la "Nyumba". Hiyo ndiyo iwe ya msimamizi, na isitumike kwa kazi za kila siku. Ya pili ya baba na ya tatu ya mama, zote mbili za kawaida, kila moja na neno lake la siri. Watoto wakikua wapate yao, nayo ya kawaida. Lakini angalizo: kabla ya kuishusha akaunti ya msimamizi wa zamani, ingieni kwanza katika ile ya "Nyumba" mwone kwamba inafunguka. Vinginevyo mtajifungia nje wote wawili.

Neno la siri la "Nyumba" liandikeni katika karatasi, mlitie ndani ya bahasha, mkaiweke pamoja na hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Isibandikwe kwenye kioo cha kompyuta. Isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, maana hiyo kila mjomba anaijua. Na baba na mama wote wajue bahasha iko wapi.

Wapo watakaosema kwamba ni jambo dogo. Mimi sioni hivyo. Nimewaona wajane ambao hawakujua fedha ziko benki gani, wala shamba limeandikwa jina la nani, si kwa sababu waume zao walikuwa wabaya, ila kwa sababu hakuna aliyefikiri kuuliza. Siku hizi daftari, picha na hata riziki vimeingia ndani ya mashine. Anayebaki nyumbani lazima aweze kufungua. Na kumwuliza mwenzio "ufunguo uko wapi" si kumshuku, ni kuitunza nyumba pamoja naye.

Basi, saa sita ya mchana printa ikanguruma, ikavuta karatasi. Nilidhani mama yule angechapisha kwanza picha ya mama yake. Hapana. Alichapisha ukurasa wa daftari la kikundi, wenye mstari wa mkopo wake mwenyewe, akautia sahihi na kuukunja taratibu.

"Wenzangu wakiuona," alisema, "watajua fedha yao imeanza kufanya kazi."

Picha ya mama yake ilikuwa ya pili. Aliiweka katikati ya kitabu isikunjike, akaaga, akawahi gari la kurudi Nkwenda.

Nawe, mama mpendwa, jioni ya leo baada ya chakula, mwulize baba watoto kwa upole: "Ufunguo wa kompyuta yetu uko wapi?" Halafu tafuteni bahasha.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.